Maswali ya Wasomaji: Kutoka ngapi kwenda ngapi?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, habari za sayansi kwenye magazeti, redio na simu zetu, tusomeje na tumwamini nani. Nimechukua tano. Majibu mengine marefu mengine mafupi, mtanivumilia.

SWALI: Shikamoo dada. Baba mkwe wangu ana miaka 67 na ameacha kulala vizuri tangu alipotumiwa habari kwenye simu kwamba soseji zinaongeza saratani ya utumbo kwa asilimia 18 na kwamba ni sawa na sigara. Anasema kwa kuwa kazila miaka mingi basi ana asilimia 18 ya kufa na saratani. Mdogo wake naye ambaye anavuta amesoma hiyohiyo akasema kama soseji na sigara ni kitu kimoja basi yeye hana sababu ya kuacha. Niwaelezeje hawa wazee bila kuonekana nawafundisha? – Mkwe

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu maana wazee wako wawili wamesoma habari moja, mmoja kaogopa kupita kiasi mwingine kapata ruhusa ya kuendelea kujiua, na habari yenyewe wala haikuwa ya uongo, ndo kinachoniuma.

Asili yake ni hii. Oktoba 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliita wataalamu 22, wakapitia tafiti nyingi za miaka mingi halafu wakaziweka nyama za kusindikwa kama soseji na bekoni kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Sigara zipo kundi hilohilo. Magazeti yakaona hapo hapo, yakaandika soseji ni sawa na sigara. Sasa hilo kundi linapima kitu kimoja tu, ushahidi una nguvu kiasi gani. Halipimi kitu chenyewe ni hatari kiasi gani. Ni kama mahakama imewatia hatiani watu wawili, mmoja kaiba kuku, mwingine kavamia benki na bunduki, wote wamekutwa na hatia bila shaka yoyote lakini hakuna hakimu atakayewapa kifungo sawa. Kwa baba mdogo mpe namba alizotoa WHO wenyewe wakati ule: vifo vya saratani kama 34,000 kwa mwaka duniani vinavyoweza kuhusishwa na ulaji mkubwa wa nyama za kusindikwa, na kama milioni 1 kwa mwaka vya saratani inayotokana na tumbaku. Hizo namba mwache azitazame mwenyewe, usiongeze neno.

Kwa baba mkwe ndo nataka ukae naye na karatasi. Chora vidoti 100, safu kumi za kumi kumi, hao ni watu 100 ambao hawali sana soseji. Tuseme katika nchi fulani watu 5 kati ya hao watapata saratani ya utumbo mpana maishani mwao, basi chukua peni zungushia vidoti vitano. Sasa hao watu 100 wote wale gramu 50 za nyama ya kusindikwa KILA SIKU, yaani kama soseji moja kila siku, siyo mara moja moja. Ile asilimia 18 ni asilimia 18 ya wale watano, siyo ya wale mia! Asilimia 18 ya 5 haifiki hata 1. Kwaiyo zungushia kidoti cha sita halafu mpe baba karatasi aishike. Toka watano kwenda sita, basi. Ni ongezeko la kweli na mimi sikwambii soseji ni dawa, akipunguza atafanya vizuri, lakini yeye alikuwa anaona vidoti 18 vinamsubiri na siyo hivyo. Na kwa umri wake kupima utumbo ni jambo zuri hata kama hajawahi kugusa soseji, hilo amuulize daktari wake, na akiona damu kwenye choo asingoje.

Ukitaka kujua kwanini naling'ang'ania hili la toka ngapi kwenda ngapi, sikiliza kisa cha Uingereza mwaka 1995. Mwezi Oktoba mamlaka za dawa zilitoa tahadhari kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza mara mbili hatari ya kuganda kwa damu. Mara mbili, yaani asilimia mia. Wanawake wakasikia hivyo kwenye TV na magazeti, wengi wakaacha vidonge palepale. Toka ngapi kwenda ngapi? Toka kama mwanamke 1 kati ya 7,000 kwenda wanawake 2 kati ya 7,000. Na ujauzito wenyewe unaongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Mwaka uliofuata mimba zilizotolewa England na Wales zinakadiriwa kuongezeka kama 13,000. Hakuna aliyedanganya pale, namba ilikuwa sahihi kabisa, ila ilitolewa nusu, na nusu ile iliyobaki ndo ingewaokoa watu.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mtafiti kijana, bado nasoma shahada ya uzamivu. Tulijaribu kemikali fulani kwa panya wenye uvimbe, uvimbe ukapungua. Mwandishi alinipigia simu tukaongea dakika kumi, kesho yake gazeti limeandika TIBA YA SARATANI YAPATIKANA na picha yangu juu. Watu wananipigia usiku wakilia wananiomba dawa ya mama zao. Nimeapa siongei tena na mwandishi yeyote. Nimekosea wapi? – Mtafiti aliyeumia

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na hao wanaokupigia usiku pole yao ni kubwa kuliko yako na yangu. Usiwakatie simu. Waambie kwa upole kwamba ilikuwa ni panya, kwamba dawa bado haipo, na wasimwachishe mama matibabu anayopata sasa. Hiyo sentensi ya mwisho usiisahau hata mara moja maana kuna mtu anaweza kuacha dawa zake akingoja ya kwako.

Yaliyokupata yalishampata mkubwa zaidi. Mei 1998 gazeti la Marekani la New York Times waliweka ukurasa wa mbele habari ya dawa mbili za Judah Folkman, daktari mtafiti wa Marekani, ambazo zilikuwa zinakausha uvimbe wa panya kwa kuzuia mishipa ya damu inayoulisha. Ndani ya habari walitaja kwamba ni panya, lakini pia kulikuwa na maneno kutoka kwa mwanasayansi mwenye jina kubwa kwamba Folkman ataponya saratani ndani ya miaka miwili. Jumatatu iliyofuata hisa za kampuni iliyokuwa na haki za dawa hizo ziliruka kutoka kama dola 12 hadi zaidi ya 80 kabla ya kushuka, na madaktari wa saratani wakafurikiwa na simu za wagonjwa. Folkman mwenyewe alikuwa mwangalifu, alikuwa anawaambia watu kwamba kama wewe ni panya na una saratani tunaweza kukuhudumia vizuri sana. Dawa zenyewe zilipofika kwa binadamu hazikufikia yale matumaini. Hiyo ni kawaida, hata dawa ambazo zimeshavuka hatua ya panya zikaanza kujaribiwa kwa watu ni kama 1 tu kati ya 10 ndo inafika kuidhinishwa.

Sasa swali lako, umekosea wapi. Nakuuliza na wewe, kabla ya mwandishi kukupigia, chuo chenu kilitoa taarifa kwa vyombo vya habari? Na wewe uliisoma kabla haijatoka? Nauliza kwa sababu watu tumezoea kumtupia mwandishi lawama zote. Mwaka 2014 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliopitia taarifa 462 za afya na tiba zilizotolewa na vyuo vikuu 20 vya Uingereza. Kati ya taarifa zilizohusu tafiti za wanyama au seli, asilimia 36 zilikuwa zimetia chumvi hapohapo kwenye panya, yaani utafiti siyo wa watu, taarifa inaongelea binadamu. Taarifa ikitiwa chumvi hivyo, habari 86 kati ya 100 zilibeba chumvi ileile. Taarifa ikiwa safi, zilikuwa 10 kati ya 100 tu! Yaani chumvi nyingi inatiwa jikoni kwetu watafiti kabla chakula hakijafika mezani kwa mwandishi. Na watafiti wale hawakuona dalili ya maana kwamba kutia chumvi kunafanya habari ichukuliwe na magazeti mengi zaidi, kwaiyo hata yule wa ofisi ya habari anayekwambia bila kukoleza hatusomwi hana pa kusimamia.

Kwaiyo usiape. Ukinyamaza atapigiwa mwingine ambaye hajali. Ila badilisha jinsi unavyoongea. Panya wako waje kwenye sentensi ya kwanza kabisa, siyo ya tano, "tumejaribu kwa panya 24, hakuna binadamu aliyepewa" (weka idadi yako ya kweli). Pili sema hatua zilizobaki kwa miaka, siyo kwa neno "bado", maana "bado" kwa mgonjwa ni wiki ijayo. Na mwisho wa simu mwombe mwandishi akusomee sentensi alizoandika zenye namba na jina la ugonjwa. Wengi hawatakupa habari nzima na wana haki yao, lakini kusomewa namba wengi watakubali, na mimi niliyewahi kukaa upande ule wa simu nakwambia tunashukuru, maana mtu anaandika habari tatu kwa siku na ya sayansi ni moja kati ya hizo na hajui uvimbe wa panya unatofautianaje na wa mtu, na kichwa cha habari wala siyo yeye anayekiandika, kinaandikwa na mwingine saa mbili usiku akitafuta maneno manne yanayoenea.

SWALI: Mimi ni mtangazaji wa redio. Tukiwa na kipindi cha chanjo naita daktari mmoja na mpinzani wa chanjo mmoja, dakika sawa, ili tusipendelee. Wasikilizaji wengine wananilaumu. Sasa uandishi si ndo huo, pande zote mbili? – Mtangazaji

JIBU: Kaka, kwenye siasa na kwenye ugomvi wa ardhi, ndiyo. Mwanasiasa mmoja na mwingine wana haki sawa ya kusikika. Lakini ukiweka viti viwili studio msikilizaji ambaye hawaoni watu walioko nyuma ya kila kiti anadhani hoja ni nusu kwa nusu. Nikuonyeshe waliokuwa nyuma ya viti. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha kwenye jarida la tiba la Lancet ripoti ya watoto 12 ikihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Watoto 12. Upande wa pili, mwaka 2002 Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 537,000, na mwaka 2019 wakafuatilia wengine 657,000 na ushee, waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Ripoti ya 1998 jarida lenyewe liliifuta mwaka 2010 na Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza mwaka huohuo. Ila katikati hapo miaka na miaka redio na TV ziliweka kiti na kiti, dakika sawa, na uchanjaji Uingereza ukashuka toka kama asilimia 92 mpaka karibu 80, wakati surua inahitaji kama 95 ili isisambae. Surua ikarudi.

BBC wenyewe waliagiza tathmini, ikatoka 2011, mwanajenetiki Steve Jones akawaambia wazi kwamba wanashika kanuni ya kutopendelea kwa ukaidi hadi wanatoa nafasi kubwa kwa maoni ya wachache kwenye mambo ambayo ushahidi umeshafunga. Kwaiyo kipindi chako kinachofuata ukitaka mvutano, na redio bila mvutano inalala hilo najua, leta mzazi mwenye hofu ya kweli. Huyo siyo mpinzani, ni mtu mwenye maswali, na maswali yake ndo ya wasikilizaji wako nusu nzima. Mpe dakika nyingi kuliko daktari kama unataka. Lakini akimaliza kuuliza, majibu yatoke kwenye ushahidi.

SWALI: Mbona hawa wanasayansi hawaeleweki, jana mayai mabaya leo mayai mazuri? Si wakae kwanza wakubaliane ndo watuambie! – Nimechoka

JIBU: Nakuelewa kabisa, uchovu wako ni wa haki. Mwaka 1968 chama cha moyo cha Marekani kilishauri watu wasile viini vya mayai zaidi ya vitatu kwa wiki kwa sababu yai lina kolestro nyingi. Baadae ikaonekana kolestro nyingi ya kwenye damu inatengenezwa na ini letu wenyewe, na mafuta mazito ya wanyama yanaipandisha kuliko yai linavyoipandisha, kwaiyo mwongozo wa lishe wa Marekani wa 2015 ukaondoa kikomo chake cha kolestro ya kwenye chakula, miligramu 300 kwa siku. Miaka karibu 50 hapo katikati! Siyo jana na leo. Wewe uliona jana na leo kwa sababu kila utafiti mdogo ukitoka unapewa kichwa chake cha habari kama vile ndo hukumu ya mwisho. Ukiona "utafiti mpya" peke yake, uchukulie kama shahidi mmoja kasimama kizimbani, kesi inaendelea. Subiri ile habari inayosema tafiti nyingi zimepitiwa kwa pamoja, au mwongozo umebadilishwa. Hizo zinakuja mara chache na mara nyingi hazifowadiwi.

SWALI: Dada naomba usiweke jina langu. Nafanya kazi kitengo cha mawasiliano kwenye taasisi moja. Tuliandaa tangazo kwa wananchi kuhusu hatari fulani, wataalamu wetu waliandika "huenda", "mpaka sasa", "hatuna uhakika". Bosi akafuta yote, akaandika HAKUNA HATARI YOYOTE, WANANCHI WAWE NA AMANI. Anasema maneno ya mashaka yanaleta taharuki. Je yuko sahihi?

JIBU: Hapana mdogo wangu, na hili nalijibu kwa uzito wote nilio nao.

Mwaka 2009 mji wa L'Aquila nchini Italia ulikuwa unatikiswa na matetemeko madogo madogo kwa miezi, watu wana hofu, na kuna fundi mmoja alikuwa anatangaza kwamba kubwa linakuja. Serikali ikapeleka tume ya wataalamu mjini tarehe 31 Machi. Sasa kabla hata kikao hakijaanza, naibu mkuu wa idara ya ulinzi wa raia alihojiwa na TV akasema wanasayansi wamemwambia hakuna hatari, kwamba hayo madogo yanatoa nishati kidogokidogo na hilo ni jambo jema. Mwandishi akamuuliza kwaiyo watu wanywe tu glasi ya divai? Akakubali.

Hiyo ya kutoa nishati kidogokidogo haikuwa sayansi. Tetemeko la ukubwa wa 6 lina nishati kama mara 1,000 ya tetemeko la ukubwa wa 4, huwezi kulimaliza kwa vijitetemeko. Lakini maneno matamu yanasafiri haraka. Kuna familia pale zilikuwa na desturi toka kwa mababu, ardhi ikitikisika usiku mnatoka nje mnalala kwenye uwanja au kwenye gari. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili kulikuwa na mtikisiko kabla ya saa sita, baadhi ya waliosikia yale maneno walibaki vitandani. Saa tisa na nusu usiku likaja la 6.3. Walikufa watu 309.

Mwaka 2012 watu saba wakahukumiwa miaka sita jela, wanasayansi dunia nzima wakalalamika kwamba hakuna anayeweza kutabiri tetemeko, na ni kweli hakuna. Kwenye rufaa mwaka 2014 wanasayansi sita wakaachiwa. Aliyebaki na hatia, kwa kifungo kilichopunguzwa hadi miaka miwili ya nje, bila kwenda jela, ni yule naibu mkuu aliyeongea kwenye TV. Nadhani hapo bosi wako aangalie vizuri, kilichobaki mahakamani hakikuwa kushindwa kutabiri, kilikuwa kutuliza watu kwa uhakika ambao haukuwepo.

Na hiyo "huenda" ya wataalamu wenu peke yake nayo haitoshi, nikuambie ukweli. Ukimwambia mtu "huenda" ukaishia hapo umemwachia hofu mkononi bila pa kuiweka, ndo maana bosi anaogopa, hofu yake ina msingi. Kinachotuliza watu ni kujua wafanye nini na lini watasikia tena. Kwaiyo jaribu kuandika hivi: "Mpaka leo tunajua mambo haya mawili. Hiki cha tatu bado hatujakijua, vipimo vinaendelea. Kwa sasa fanya hivi, na ukiona dalili hii ondoka au piga namba hii. Tutaongea tena Ijumaa saa nne asubuhi, hata kama hakutakuwa na jipya." Halafu hiyo Ijumaa saa nne muongee kweli, hata kama ni dakika mbili.

Mpelekee bosi matangazo yote mawili, lake na hili, umwombe ayasome kwa sauti akiwa anamfikiria mama yake ndo yuko upande wa pili wa redio. Akichagua lake bado, tunza nakala ya maneno ya wataalamu yenye tarehe.